Mama alitibiwa kansa ya titi miaka 8 iliyopita, sasa anatokwa damu ukeni. Naombeni ushauri

KitindaMimba: Habari zenu wapendwa, naombeni mnisome mpaka mwisho maana nimechanganyikiwa. Mama yangu ana miaka 63, miaka 8 iliyopita alikatwa titi la kushoto, akapigwa kemo na mionzi, halafu akameza tamoksifeni, vile vidonge vya kuzuia kansa isirudi, miaka mitano bila kuruka siku. Tukashukuru Mungu tukajua yameisha. Sasa mwezi uliopita nimeamka usiku naenda msalani namkuta anafua shuka gizani, taa hajawasha, namuuliza mama kulikoni ananiambia nimemwaga chai. Asubuhi nikaona doa kwenye godoro. Kumbe wiki ya tatu hiyo anatoka damu anaona aibu kusema, na hedhi ilishakoma zamani sana.

Hospitali wamepiga ultrasaundi wakakuta ukuta wa ndani wa kizazi umenenepa na ovari (mifuko ya mayai) zote mbili zina uvimbe. Daktari akasema inaonekana ni kansa ya kizazi, jiandaeni kwa operesheni ya kutoa vyote. Hakuuliza habari za titi na mama hakusema, kwake ile kesi ilishafungwa, mimi nimekuja kukumbuka tuko njiani tunarudi. Je kansa ya titi inaweza kushuka mpaka kule baada ya miaka yote hiyo? Au ni zile dawa? Na mwaka jana alipima mlango wa kizazi akaambiwa yuko safi.

Bi_Tausi: Pole sana mdogo wangu. Ndiyo inaweza, na miaka 8 wala si mingi, zile zinazolishwa na homoni zinaweza kulala hata miaka 15 au 20 ndo zikaamka. Msikubali kisu kabla hawajachukua kinyama wakapima.

NesiMstaafu: Mwanangu, cha kwanza mwambie mama hana kosa lolote, ila damu baada ya hedhi kukoma haisubiriwi hata kama ni tone. Cha pili, hapo kuna mambo matatu na kwa ultrasaundi peke yake huwezi kuyatenganisha. Tamoksifeni kwenye titi inazuia homoni lakini kwenye kizazi inafanya kama homoni yenyewe, kwa hiyo kwa mama aliyekoma hedhi inaweza kunenepesha ule ukuta, ikaotesha vinyama, na kwa wachache ikaleta kansa ya kizazi kabisa. La pili ni kansa mpya ya ovari, hasa kama kwenye ukoo kuna hitilafu ya jeni ya BRCA, ile ya kurithi inayoongeza hatari ya kansa ya titi na ovari, muulize kama mama zake wadogo au bibi waliugua. La tatu ndo hilo unaloogopa, la titi kusambaa, na likija huku chini hupenda ovari kuliko sehemu nyingine na mara nyingi linashika zote mbili. Kile kipimo cha mlango wa kizazi kinaangalia mlango tu, kuwa safi hakukwambii lolote la ndani.

Tafuta ripoti ya maabara ya kipindi kile, usome iliandikwa ni ya lobula (vile vitezi vya kutengeneza maziwa) au ya mirija ya maziwa.

KitindaMimba: Nimeipata mama, ilikuwa chini kabisa ya sanduku lake, karatasi imekunjwa nne mpaka mikunjo inachanika. Imeandikwa LOBULA, homoni zote mbili chanya (yaani inalishwa na homoni), HER2 hasi (ile protini ya kukuza kansa haijazidi).

Bi_Tausi: Ndo kama yangu. Hii ya lobula chembe zake hazishikani, zinatembea mojamoja zimepanga mstari, ndo maana inapenda kwenda sehemu ambazo ya mirija haiendi sana, tumbo, utumbo, ovari, kizazi. Mimi ilikuja kwenye ovari mwaka wa 11 na sikuwa na uvimbe hata mmoja kifuani.

NesiMstaafu: Hiyo karatasi ni dhahabu. Ipelekwe mpaka kwa daktari wa patholojia, yule anayepima kinyama maabara, asipoambiwa kuna titi anaweza kutazama kile kinyama akaona cha kizazi tu. Waombe wakipake rangi za kutofautisha, GATA3 huwa inawaka kwenye za titi na PAX8 kwenye za ovari na kizazi. Wapime upya na homoni na HER2 maana zinaweza kubadilika njiani.

KitindaMimba: Na ikiwa ni ya titi si watatoa kizazi tu iishe?

Bi_Tausi: Hapana mdogo wangu, na hapa ndo watu wengi wanakosea. Hata ikikaa kwenye kizazi inabaki kuwa kansa ya titi, inatibiwa na daktari wa kansa kwa dawa za titi, na kisu kinaingia pale tu penye sababu, mfano damu imegoma kukata. Sikudanganyi, ikishasambaa hawaongelei kupona, wanaongelea kuituliza. Lakini mimi niko kwenye hizo dawa za titi, letrozoli na palbosiklibu, mwaka wa nne huu na nimekuandikia haya nikiwa jikoni kwangu.

KitindaMimba: Dada nimelia. Nimempigia daktari nimemsomea ile ripoti, akanyamaza kidogo akasema operesheni isimame kwanza, Alhamisi mama anachukuliwa kinyama na ataonwa na daktari wa kansa. Mama mwenyewe nimemwonyesha majibu yako hapa. Amesoma yote, halafu ameniuliza eti huyo dada wa jikoni anaweza kunipigia?

Bi_Tausi: Nitumie namba yake inbox. Nampigia leo leo.