Shahada ya kwanza ya uchumi: mtoto asome, au tumpeleke uhasibu?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati), na amefaulu vizuri. Anataka kusoma uchumi. Shemeji yangu, yaani baba yake, amegoma kabisa. Anasema mhasibu akihitimu anajisajili NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, anapambana na mitihani, siku moja anatoka na cheti chake cha CPA. Mchumi je? Hana bodi ya kumpa leseni. Na Sekretarieti ya Ajira ikitangaza Mchumi Daraja la II, nafasi ni za kuhesabu kwa vidole, waombaji ni umati.

Mimi nimesoma shahada hiyo na ndiyo inayonilisha. Msimamo wangu ni kwamba mtoto asome uchumi, ila asisome kama nilivyosoma mimi.

Niwape kisa. Mwaka wangu wa pili kazini, halmashauri niliyokuwapo ilitaka kupandisha ushuru wa meza sokoni kutoka shilingi 500 kwa siku hadi 1,000. Kikaoni hesabu ilionekana nyepesi: meza ni zilezile, ushuru mara mbili, basi mapato mara mbili. Nikanyamaza. Chuoni nilipata A kwenye mnyumbuko wa mahitaji, yaani bei ikibadilika watu hubadilisha manunuzi yao kwa kiasi gani, mchoro wake naujua hata usingizini, lakini haikunijia kuuliza yule mama muuza nyanya atafanya nini. Hazikupita wiki nyingi, akina mama wakahamia kando ya barabara na kwenye vibaraza vya nyumba. Makusanyo yakashuka chini ya pale yalipokuwa mwanzo. Jibu nilikuwa nalo tangu mwaka wa kwanza. Hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba swali lenyewe liko sokoni.

Nchi nzima iliona kitu kama hicho Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza. Watu walilalamika, wengi wakarudi kubeba fedha taslimu, na Septemba mwaka uleule serikali ikapunguza tozo hiyo kwa asilimia 30. Huo ni uchumi wa mwaka wa kwanza kabisa, ukiwa mfukoni mwa kila mtu.

Sasa tunavyoufundisha. Kidato cha tano mtoto anakariri "faida sita na hasara sita". Akifika chuo anakariri milinganyo badala ya faida sita. Anaweza kumaliza miaka mitatu bila kufungua hata mara moja jedwali la Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya. Ule wa 2017/18 ulionyesha asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa wakiishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Ule mstari uliwekwaje, na kwa bei za vyakula gani? Mhitimu wa uchumi asiyeweza kueleza hilo tumemdhulumu, na ada yake tumekula.

Naomba michango, hasa ya wanaonipinga.

Mhasibu, Mwanza

Mkuu, kisa chako kimenigusa, lakini kinamsaidia shemeji yako. Wewe ulikuwa tayari kazini ulipogundua kwamba hukufundishwa. Huyu mtoto atagundua akiwa nyumbani na bahasha ya vyeti. Akichukua mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, siku akipata ajira atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na Bodi haitamuuliza kama alichosoma kinamlipa. Mtoto wa mwenye nacho asome uchumi, falsafa, chochote. Wa kwetu anahitaji kitu ambacho hata mwenye duka la jumla Kirumba atamlipa akifanye. Vitabu vya hesabu vya duka vipo kila siku. Sera ya fedha haiko dukani.

Mwanafunzi, mwaka wa tatu

Shikamoo kaka, mleta mada. Mimi niko ndani ya shahada hiyohiyo. Kitu ambacho wazee hawatuambii ni hesabu. Wengi tulikuja tukidhani uchumi ni kueleza mambo ya nchi, tukakutana na kalkulasi na ekonometria, yaani takwimu za kupima mambo ya uchumi. Darasani kwetu waliotoka HGE (historia, jiografia na uchumi) na hesabu za kidato cha nne tu ndio walioumia zaidi. Sapu, yaani mitihani ya kurudia, zikawa nyingi, wengine wakadisko, wakaondolewa chuo. Programu ya takwimu tumefundishwa kwa kuonyeshwa picha ukutani, kompyuta hatujaigusa. Lakini Januari 2024 Benki Kuu ilipoanza kutangaza riba yake inayoongoza riba za benki nyingine, asilimia 5.5, nilimweleza baba yangu kwa nini riba hiyo inaweza kufika hadi kwenye mkopo wa bajaji yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sijutii kusoma.

Mkulima wa korosho, Newala

Mwaka 2018 tulikataa bei za mnada. Novemba serikali ikasema itanunua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba. Tulishangilia, sina haja ya kuficha. Kisha ukaja uhakiki wa kuwasaka wa kangomba, wale wanaokununulia korosho ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, na wengine tukasubiri malipo muda mrefu. Sikumsikia mtaalamu hata mmoja akija kijijini kuuliza kwa nini mtu anauza kwa kangomba. Ningemwambia: ada ya shule inadaiwa Januari, na njaa ya Machi haisubiri mnada wa Oktoba. Huyo mpwa wako akisoma akaja kuuliza hivyo, asome.

Mwalimu wa hisabati, Morogoro

Njia ya tatu ipo. Shahada ya kwanza asome takwimu au hisabati, uchumi aufuate kwenye shahada ya pili. Mwenye hesabu anaweza kuhamia uchumi. Kurudi nyuma ni kugumu.

Mleta mada

Mwalimu, kwa upande wa uzamili una haki, na ningekuwa na watoto wawili mmoja ningempeleka huko. Ila mtu aliyefundishwa namba peke yake anaweza kufika Newala na dodoso zuri akaandika "kangomba: ndiyo/hapana" na kuondoka. Mzee wa Newala ametueleza upungufu wa mikopo vijijini kwa sentensi moja, na sikumbuki mhadhara wowote ulionieleza vizuri hivyo.

Ndugu yangu wa Mwanza, la mkopo sina jibu la kukutuliza. Ni kweli mtoto wa mwenye nacho anaweza kukosea na maisha yakaendelea. Lakini neno uchumi limetoka kwenye kuchuma. Ikiwa watoto wa wachumaji hawatalisoma, ushuru wa meza na bei ya korosho vitaendelea kupangwa na watu wasiowahi kukaa kwenye hiyo meza.

Nimeshazungumza na shemeji. Amekubali kwa sharti kwamba kijana afanye mitihani ya awali ya NBAA sambamba na masomo, nami nimekubali kulipia. Jumamosi mpwa anakuja kwangu. Tutaanzia sokoni saa kumi na mbili asubuhi, kabla mkusanya ushuru hajafika.