Mwelekeo wa matumizi: unahesabu mwezi upi?

Ndugu zangu,

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Niko Mwanza likizo, nilitoka Leicester wiki iliyopita. Wengi mmeniuliza ile programu ya bajeti ninayoitengeneza imefikia wapi. Sehemu ya kuingiza matumizi imekaa sawa. Iliyonitoa jasho ni ukurasa wa mwelekeo wa matumizi, ambao niliuvunja na kuujenga upya baada ya kumkosea dada yangu.

Dada hununua dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, akaanika na kuuza. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti, mitumbwi inalala ufukweni siku kadhaa na mfuko wake unakauka. Hapo ndipo mimi hutuma pesa, mara moja kila mwezi unapopevuka. Toleo la kwanza nililijaribu 2023. Mwisho wa Agosti likaniandikia kwa herufi nyekundu kwamba matumizi ya nyumbani yamekuwa mara mbili ya Julai. Nikampigia, na sauti yangu haikuwa nzuri. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, ndipo akasema: "Kaka, wewe unahesabu mwezi upi, wa ukutani au wa juu?"

Nikafungua kalenda. Agosti ile mwezi ulipevuka tarehe 1, ukapevuka tena tarehe 31. Julai ulipevuka mara moja, tarehe 3. Kila mara nilituma laki tatu ileile. Hakuna kilichokuwa kimepanda! Mwandamo una kama siku 29 na nusu, mwezi wa kalenda kwa kawaida una 30 au 31, na programu yangu ilikata pesa ya watu mahali ambapo maisha yao hayakatiki.

Kwa hiyo sasa mtumiaji ndiye anayechagua mzunguko wake. Dada ana kitufe cha "giza limeanza", anakibonyeza mitumbwi ikirudi kazini. Nilifikiria kuiachia programu ikokotoe mwandamo yenyewe, lakini upepo na mvua havifuati hesabu, na yeye ndiye yuko ufukweni.

Jingine ni wastani. Tuseme mizunguko mitano ni laki tatu, 280,000, 310,000, laki tatu, halafu 1,200,000 kwa sababu paa liliezuliwa. Wastani unatoka 478,000, kiasi ambacho hakijawahi kutumika mzunguko wowote. Nimechukua namba ya katikati zikipangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, laki tatu, na lile paa linasimama peke yake na maelezo yake. Msiba na ada ya Januari vivyo hivyo.

Na mkiwa siku ya 10 ya mzunguko, inalinganishwa na siku 10 za mwanzo za mzunguko uliopita, si na mzunguko mzima. Bila hivyo kila mtu anaonekana mbanaji mpaka siku za mwisho.

Maoni yenu tafadhali.

---

Jibu, kutoka Hamburg:

Kaka, hongera. Mimi namlipia mama umeme Igoma. Je, mchoro utakuwa kwa euro au shilingi? Maana shilingi ikishuka naona kama nimebana matumizi, kumbe mama anatumia vilevile. Halafu umeme wake unaonekana mwingi kuliko anaoutumia.

---

Jibu:

> mchoro utakuwa kwa euro au shilingi?

Dada, kila tumizi libaki kwenye pesa lilikotumika. Ya Igoma kwa shilingi, kodi yako ya nyumba kwa euro, michoro miwili. Gharama ya kutuma na makato ya kutolea kwa wakala nimeyapa mstari wao, yasijifiche ndani ya chakula.

Kuhusu umeme, angalia ujumbe wa LUKU, ule unaokuja ukinunua umeme wa kulipia kabla. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humohumo, kwa hiyo itenge. Na nyinyi wa Uingereza mnaolipwa kila wiki nne, mna malipo 13 kwa mwaka, kalenda itawadanganya kama ilivyonidanganya mimi.

Jana nilimwonyesha dada ukurasa mpya pale Mwaloni, amekaa kando ya magunia. Akafuta mikono kwenye kanga, akashika simu, akatazama muda mrefu. "Mzuri. Ila mimi niko wapi hapa?" Kweli, nyumba nzima ilikuwa imechorwa kwa pesa yangu peke yake. Unga, mkaa, daftari za watoto, vyote anavyolipa yeye havikuwepo. Usiku nimeongeza mstari wake, na asubuhi tumekaa tukaingiza mzunguko uliopita. Wake umezidi wangu.

Mnaotaka kujaribu niandikieni, mseme mnalipwa kila baada ya siku ngapi, na mnayemtumia nyumbani anapata pesa yake lini. Msinitumie nywila wala namba ya siri ya mtu yeyote.