Kikundi: WATOTO WA BI MWANAHAWA

*Rehema 06:41*
Asalaam alaykum. Mama macho yamekuwa manjano. Mkojo kama chai ya rangi. Usiku kajikuna mpaka mikono imechubuka.

*Rehema 06:58*
Chini ya mto nimekuta diklofenaki za 50, anameza mara tatu kwa siku tangu Mfungo Sita, kisa magoti. Na Panadol juu yake.

*Rehema 07:30*
Naona mmesoma.

*Juma 07:52*
Si malaria hiyo?

*Rehema 07:53*
Kapimwa, hana. Daktari wa zahanati anasema diklofenaki huumiza ini kwa watu wachache, mara nyingi miezi ya mwanzo. Aache zote leo, hata Panadol. Hakuna kipimo kinachosema moja kwa moja ni dawa, lazima waangalie vimeng'enya vya ini, homa ya ini B na C, na mawe ya nyongo. Hospitali ya Bombo, leo.

*Zuberi 08:04*
Mama na Bombo tena! Mnakumbuka alivyomkimbiza nesi na sindano yake 😂

*Asha 08:05*
😂😂 Da Rehema, mimi nameza hiyo hiyo ya mgongo

*Rehema 08:06*
Kapime nawe. Jamani, gari na hela ya vipimo. Bima imekwisha.

*Juma 08:20*
Bati nilinunua peke yangu. Wengine mpaka leo kimya.

*Rehema 08:20*
Kaka Juma, bati linaingiaje hapa?

*Juma 08:21*
Nasema tu.

*Mwanaisha Muscat 08:47*
Ndo natoka kazini. Gari juu yangu. Magoti je, atalalaje?

*Rehema 08:48*
Tumkande maji ya moto. Na mizizi ya Zuberi isipite kooni mwake mpaka majibu yatoke.

*Zuberi 08:49*
Tangawizi tu ile!

*Baba Mkubwa 09:05*
Nimesoma yote. Marehemu baba yenu mlimchelewesha hivi hivi, mkibishania teksi. Mama yenu aondoke kabla ya adhuhuri.

*Asha 09:31*
Sawa Baba Mkubwa.

*Juma 09:40*
Inshallah.

*Rehema 09:41*
Nani anakwenda naye? Mimi nina zamu.

*Rehema 10:15*
???

*Zuberi 10:50*
Naweza kumfikisha stendi.

*Juma 11:22*
Hamsini natuma jioni ikipatikana. Mwenyewe anasemaje?

*Rehema 11:23*
Kavaa baibui, kakaa kitandani. Anasema hatoki mpaka nimrudishie vidonge vyake.