Mafuriko ya Rufiji: watu tunawapeleka shuleni, mifugo tunaipeleka wapi?

Mjumbe wa Bondeni:

Habari za leo ndugu zangu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maafa ya kijiji kimoja kilichoko bonde la mto Rufiji, na nimepewa kazi ya kuandika sehemu ya mpango wetu inayohusu mifugo kabla ya masika yajayo. Sehemu ya watu haikutusumbua sana, kwa kuwa shule ya msingi iko mwinukoni, wenye mitumbwi wanajulikana, na orodha ya wazee na wajawazito iko kwa mtendaji wa kijiji. Tulipofika kwenye mifugo hatukuwa na hata mstari mmoja wa kuanzia.

Niwaeleze tulichokiona Aprili 2024. Jirani yangu, mama mtu mzima anayeishi peke yake, aliwafunga mbuzi wake saba bandani jioni kama kawaida yake, akiamini kwamba maji yataishia kwenye miembe kama miaka mingine. Alfajiri tulimkuta amepanda kwenye dungu la shamba la jirani. Mbuzi wote walikuwa wamekufa, kila mmoja pale pale alipofungwa, kamba imekaza shingoni. Kuku peke yao ndio waliosalimika, kwa kuwa walirukia paa. Mama yule alikuwa ameshika kipande cha kamba akituuliza kwa nini hakukumbuka kuwafungua. Upande wa pili wa kitongoji, mzee mmoja na mwanawe walikataa kuondoka kwa sababu mwenye mtumbwi alisema hapakizi mnyama, wakakaa siku mbili juu ya kichuguu pamoja na ndama wao.

Ninaomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, mifugo ihamishwe lini, na nani mwenye kauli ya mwisho? Pili, mwinuko wetu wote ni mashamba ya korosho na ufuta, na mnafahamu jinsi wakulima na wafugaji wa huku wanavyotazamana. Tunaombaje mahali pa kuweka mifugo bila kuanzisha ugomvi mwingine juu ya mafuriko?

Mstaafu wa Mifugo:

Bwana mjumbe, pole sana, na umfikishie mama huyo pole zangu. Nimekuwa afisa mifugo wa kata kwa miaka mingi, na kamba hiyo unayoieleza nimeikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mnyama aliyefunguliwa ana nafasi, kwa sababu ng'ombe na mbuzi huogelea, naye mbuzi hupanda kitu chochote kilicho juu. Aliyefungwa hana nafasi hata kidogo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mpango wenu iandikwe kwa maneno machache ambayo hata mtoto atayashika: katika miezi ya masika, mto ukishafika alama mliyokubaliana, hakuna mnyama anayelala amefungwa, na mlango wa zizi unafungwa kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja gizani. Alama yenyewe wekeni kwenye mti au nguzo kando ya mto, kwa rangi, mahali ambapo kila anayekwenda kuteka maji ataiona. Msisubiri mtu wa wilayani aje kuwaambia mtoke. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeshusha kamati hadi ngazi ya kijiji, na kazi ya kamati hizo ndiyo hii.

Jambo la pili ni chanjo, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Mafuriko huua mifugo mara mbili, mara ya kwanza kwa maji na mara ya pili kwa magonjwa yanayofuata maji. Kimeta na chambavu hukaa ardhini kwa miaka mingi, na maji huyafukua. Homa ya bonde la ufa ni mbaya zaidi kwa kuwa inaua na watu: mayai ya mbu wanaoibeba hulala kwenye udongo mkavu yakisubiri maji yatuame, na ndivyo ilivyotokea baada ya mvua kubwa za 1997 na tena 2006 hadi 2007, hapa kwetu na kwa jirani zetu wa Kenya na Somalia. Chanjo yake hutolewa kabla. Ugonjwa ukishaingia kundini, sindano moja inayopita kutoka mnyama hadi mnyama inaweza kuwa ndiyo inayousambaza. Kwa hiyo zungumzeni na afisa mifugo wenu miezi kadhaa kabla ya masika, wakati barabara bado zinapitika.

Mizoga izikwe kwa kina kirefu, mbali na visima. Mzoga unaotoka damu puani au sehemu ya haja usipasuliwe wala kuchunwa, hata kama mwenye mali analia njaa. Huo huenda ni kimeta, na nimewahi kumpeleka hospitali mtu aliyedhani anaokoa nyama.

Mfugaji wa Kibiti:

Shikamoo mzee wangu mstaafu, na salamu kwako mjumbe. Sisi tumeingia huku na ng'ombe wetu tukitokea mbali, na ninajua wenyeji wengi wanatuona kama mafuriko ya pili, kwa hiyo nitajibu swali la mwinuko kwa uwazi.

Siku ya kuomba njia si siku ya maji. Mwaka ule tulipandisha ng'ombe usiku, hatukuwa na pa kuwapitisha, wakaingia kwenye ufuta uliokuwa unakaribia kutoa maua. Mwenye shamba alikuwa na haki ya kukasirika, nasi tulikuwa na haki ya kutokufa. Baadaye tulikaa chini ya mwembe pamoja na serikali za vijiji vyote viwili tukaandika makubaliano: njia moja ya mifugo iliyowekewa vigingi, mashamba ya mikorosho mikubwa ambayo wenyewe wameridhia tuyatumie kwa siku zinazohesabika, na fidia inayojulikana mapema kwa kila ufuta au mche mchanga utakaoguswa. Mikorosho iliyokomaa haidhuriki sana na ng'ombe wakichungwa kwa makini, na nyasi zikiliwa chini yake mwenye shamba anapunguziwa palizi. Hilo ndilo lililowalainisha, kwa kuwa waliona nao wanapata kitu.

Ongeza hili kwenye mpango wako: ndama na ng'ombe wenye mimba watangulie siku moja au mbili kabla ya kundi, maana ng'ombe mkubwa anaweza kupita kwenye tope ambalo ndama atakwama hadi kifuani, na mama yake hatamwacha.

Msomaji wa Garsen:

Ndugu mjumbe, salamu kutoka Kaunti ya Tana River, Kenya. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilitufunza somo ambalo sijaona limetajwa hapa. Mbuzi walifikishwa salama kwenye kilima, lakini walikuwa wa nyumba nyingi na wamechanganyika, na ugomvi ulizuka maji yalipopungua. Wekeni alama ya rangi kwa kila kitongoji, na mtu mmoja aandike kwenye daftari idadi ya wanaoingia. Hereni za masikioni zitasaidia kwa ng'ombe, lakini kwa mbuzi na kondoo wengi wa kijijini rangi ndiyo iliyo karibu.

Kuhusu mtumbwi, semeni mapema ni upi unaochukua wanyama wadogo, ili mwenye chombo asilazimike kuamua peke yake huku watu wanamlilia.

Mtanzania wa Houston:

Niruhusuni neno fupi kutoka Marekani. Kimbunga Katrina kilipopiga mwaka 2005, watu wengi walikataa kuokolewa kwa sababu hawakuruhusiwa kuondoka na mbwa na paka wao. Mwaka uliofuata ilipitishwa sheria inayotaka mipango ya dharura ya majimbo na miji izingatie wanyama wa nyumbani. Mzee wako wa kwenye kichuguu ni mtu yule yule. Msiwasahau mbwa pia: wachanjwe kichaa cha mbwa kabla, kwa sababu kambini watalala jirani na watoto.

Mjumbe wa Bondeni:

Mzee mstaafu, shikamoo, na asanteni nyote. Kanuni ya kamba nimeiandika juu kabisa ya ukurasa, na mama jirani yangu ameomba awe yeye wa kupita nyumba kwa nyumba akiwafundisha watu lile fundo. Makubaliano ya njia nitayapeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Jumamosi tutatembea na mbuzi kumi kutoka kitongoji cha chini hadi mwinukoni, saa mkononi, tuone wanatumia muda gani, ndipo tujue ile alama ya kando ya mto tuipake usawa upi.