Mrejesho: Windows 7 imekubali, kumbe shida ilikuwa DVD yenyewe

Wakuu, nimerudi. Wiki iliyopita niliomba msaada: laptop ya zamani, RAM GB 2, nikiweka DVD ya Windows 7 inaanza vizuri, halafu inagoma na kudai draiva ya DVD (programu ya kuendesha kifaa hicho) haipo. Nilihangaika siku mbili kutafuta hiyo draiva. Kazi bure!

Aliyesema "achana na draiva, kagua diski" ndiye aliyepatia. Kwanza nilifuta lenzi ya kisoma DVD kwa pamba ya masikio na spiriti kidogo. Kelele za kukwaruza zikapungua, lakini ikagoma palepale. Ndipo nikachoma DVD nyingine kwenye kompyuta ya shemeji, safari hii kwa spidi ya 4x badala ya 16x niliyotumia mwanzo (haraka zangu hizo). Ikaenda hadi mwisho bila kukwama.

Nimeweka Windows 7 toleo la biti 32, maana kwa RAM hiyo toleo la biti 64 lingeilemea. Sauti ipo. Wi-Fi bado, draiva yake nitaileta kwa flashi. Ila saa inarudi nyuma miaka kila nikizima. Betri ndogo ya CR2032, ile inayotunza saa laptop ikizimwa, nimeshanunua; kesho naifungua laptop niibadilishe.