Mliojenga Mombasa, msanifu mlimwona kabla au baada? Tupeane uzoefu

Salamu jamani. Nina ploti ya futi 50 kwa 100 Kisauni. Fundi kashasema mwezi ujao tunachimba msingi, na ramani "ataitoa" yeye mwenyewe. Shemeji yangu amekataa katakata, ataka nimwone msanifu majengo kwanza. Waliopitia semeni, pesa na yote.

Mkaazi wa Mtopanga: Mimi nilimlipa aje kiwanjani tu, kabla ya ramani. Kaja saa tisa mchana, jua la kuchoma, swali lake la kwanza: choo wakiweka wapi? Nikamwonyesha kona ya mashariki. Akacheka. Kusi yatoka kusini-mashariki, kaskazi yatoka kaskazini-mashariki, kwa hivyo mwaka mzima upepo ungepita chooni ndio uje chumbani. Vyumba vikahamia mashariki. Jiko, choo na ngazi vikaenda magharibi vipigwe na jua la alasiri badala yetu. Leo twalala na feni tu. Tena shimo la choo alilisogeza mbali na kisima cha jirani, jambo ambalo fundi hakuligusia kabisa.

Binti Majengo: Sisi tulitaka kupandisha ghorofa nyumba ya bibi. Msanifu hakutoa hata kalamu, aliomba karatasi. Mwajua za kwetu: nyumba ni yako, ardhi ya mwingine, kodi ya ardhi walipa. Akasema nendeni kwa mwenye ardhi kwanza, ramani gani itapita kaunti bila idhini yake? Tungemlipa achore mwanzo, michoro ingelala kabatini.

Fundi Likoni: Msitutukane sote. Kuna wasanifu wakuchorea nyumba ya Nairobi, madirisha madogo, wewe ukaive ndani. Muulize ameshajenga pwani? Ila moja nawaunga mkono, maji. Visima vingi hapa vina chumvi. Ukichanganyia zege, nondo zaota kutu, zavimba, zege lapasuka. Nimewahi kubomoa slabu ya zege iliyoharibika hivyo, vipande vyatoka kwa mkono na nondo imebaki nyembamba kama msumari. Maji ya boza, yale ya lori, yaingie kwenye hesabu kabla hujanunua hata saruji.

Mtu wa Mji wa Kale: Kwetu ni eneo la hifadhi, hata mlango na roshani hubadilishi bila idhini. Na ukuta wa mawe ya matumbawe usiupige plasta ya saruji, unyevu wafungika ndani. Chokaa.

Mwenye ploti: Shukran. Sasa malipo?

Mkaazi wa Mtopanga: Hakikisha kwanza amesajiliwa BORAQS, bodi ya Kenya ya kusajili wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi. Ada ya kuja kiwanjani mpatane kabla hajatoka kwake, na muandikiane.

Fundi Likoni: Na fundi wako awepo siku hiyo. Wabishane mbele yako, si msingi ushamwagwa.