Bega la mvuvi wa sambaza: mazoezi, sindano, upasuaji au fundi wa mifupa?

MvuviWaNguba

Jambo kwenu, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mvuvi wa sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, hapa Bukavu, miaka 38. Wiki tano sasa bega langu la kuume halinisaidii kitu.

Tulikuwa tunapandisha wavu saa tisa za usiku, ikiwa mara ya tatu usiku ule. Mawimbi ya boti kubwa yakapita chini yetu, wavu ukazama ghafla, na mimi kamba nilikuwa nimeishika juu ya kichwa. Nilisikia kitu kikikatika ndani, kama uzi wa wavu unavyokatika. Nikamaliza kazi kwa mkono wa kushoto.

Mkono ukianza kupanda kutoka ubavuni hauumi. Ukifika usawa wa kifua unachoma, ukishapita sikio maumivu yanalegea. Usiku siwezi kulalia upande ule. Shati ninaanza kulivaa kwa mkono mbovu, la sivyo haliingii.

Picha ya radio (eksirei) imeonyesha mfupa ni mzima. Ekografi (ultrasaundi) imeonyesha kano moja imechanika nusu. Daktari ananiambia ninaweza kufanya mazoezi na kine (mtaalamu wa tiba ya viungo) miezi mitatu, au kuchomwa sindano ya kortizoni ndani ya bega, na upasuaji uje baadaye kama hayo yameshindwa. Jirani yangu naye anataka kunipeleka kwa mzee anayeunga mifupa.

Kwenye timu yetu, asiyeingia ziwani hagawiwi. Watoto ni wanne. Sindano inanivutia kwa sababu wanasema ndani ya wiki mbili maumivu yanatulia. Aliyepitia mojawapo ya njia hizi anieleze, tafadhali.

MamaSambaza_Kadutu

Pole sana baba. Nitakueleza ya nyumbani kwangu, maana bwana yangu ni mvuvi pia.

Yeye alichagua sindano. Siku ya nne akasema bega limepona, ya sita akarudi ziwani. Maumivu yaliporudi akachomwa nyingine, kisha ya tatu, zote ndani ya miezi michache. Hakuna aliyemwambia apumzike wala afanye zoezi. Usiku mmoja alivuta kamba na mkono ukaanguka. Tangu siku ile hawezi kuuinua mwenyewe, anauinua kwa kuusukuma na mkono wa pili. Kano ilikatika yote.

Sisemi sindano ni mbaya. Nasema ilimnyamazishia maumivu, akavuta kama mtu mzima wakati ndani bado kumechanika.

Na kuhusu watoto: uko katika likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu? Sisi wauzaji tuna yetu pale sokoni, na mwanamke ambaye nyumba yake ina mgonjwa tunamwahishia zamu yake. Zungumza na mke wako kabla ya kuzungumza na daktari.

Kine_Ibanda

Ndugu yangu, mimi ni kine, nimeshika mabega mengi ya wavuvi na ya wabeba mizigo. Bila kukugusa siwezi kukupa jibu la mwisho, lakini ulivyoeleza, hasa kuchoma katikati ya njia na kulegea juu, ni picha ya kano inayopita chini ya mfupa wa juu wa bega.

Bega lina misuli minne midogo inayokumbatia kichwa cha mfupa wa mkono na kukibana katikati ya kikombe chake. Kikombe chenyewe ni kifupi, kama mpira uliowekwa juu ya kisahani. Misuli ile ikichoka au ikichanika, mpira unapanda juu kila unapoinua mkono na kano inabanwa. Kwa hiyo mazoezi yanairudishia misuli ile kazi yake ya kubana. Hata kano isipojishona, ile iliyobaki pamoja na majirani zake wanaweza kubeba mzigo. Kuna watu wengi wenye michaniko nusu wanaofanya kazi bila kujua.

Sindano inapunguza maumivu kwa wiki kadhaa, hilo ni kweli. Uingereza walichapisha mwaka 2021 utafiti wa watu 708 wenye maumivu ya namna hii. Waliochomwa sindano walipata nafuu kidogo mapema, ila baada ya mwaka mmoja hawakuwapita wengine. Mimi ninaikubali kwa mtu ambaye maumivu yanamnyima usingizi hadi hawezi kuanza mazoezi. Moja, kisha mazoezi yaanze. Kuirudiarudia kunadhoofisha kano, na ndiyo yaliyomkuta bwana wa Mama hapo juu.

Upasuaji, tenganisha aina mbili. Ule wa kukwangua mfupa ili kupanua nafasi, Waingereza haohao waliupima kwa wagonjwa 313, wengine wakifanyiwa upasuaji wa bandia wa kuingiza kamera tu bila kukwangua kitu. Tofauti waliyoipata haikuwa ya kuhisika. Ule wa kushona kano ni kitu kingine, na una wakati wake: kijana au mtu wa kazi nzito ambaye kano imekatika yote kwa ajali asikae nyumbani mwaka mzima, maana kano inavutika ndani, msuli unageuka mafuta, na kushona kunakuwa kugumu. Ila baada ya kushonwa mkono unakaa kwenye kitambaa wiki nne hadi sita, na kuvuta wavu usikuhesabie chini ya miezi sita. Kwa mchaniko nusu, mimi ningeanza na mazoezi.

Jipime leo: mwenzako akuinulie mkono hadi usawa wa bega, kisha auachie polepole. Ukianguka wenyewe, au ukiona nguvu zinapungua wiki hadi wiki, rudi kwa daktari haraka.

Mwana_Idjwi

Kine, ninakuheshimu, lakini babu zetu walivuta nyavu kabla hamjaja na ekografi. Kwetu kisiwani Idjwi kuna wazee wanaokanda bega kwa maji ya moto na majani, na mtu analala vizuri. Mimi mwenyewe nimekandwa. Msiwafute wazee.

PapaFuraha

Mdogo wangu, kukanda sikupingi. Ninapinga kuvuta. Mtoto wa dada yangu alianguka na bega likatoka mahali pake. Wakamlaza chini, mmoja akamkanyaga kwapani, mwingine akavuta mkono. Bega lilirudi kweli, lakini ngozi ya upande wa nje wa bega, pale tunapodungwa chanjo, ikafa ganzi, na ule msuli mkubwa ukaanza kukonda. Daktari alisema mshipa wa fahamu umeumia. Umechukua miezi mingi kurudi, na haujarudi wote.

Kine_Ibanda

Papa Furaha amesema jambo zito. Bega lililotoka linaweza kuumiza mshipa ule lenyewe, hata kabla ya kuguswa, ndiyo maana tunapima ganzi na kupiga picha kabla ya kulirudisha. Pengine pia kuna mfupa uliovunjika, na anayevuta bila picha anauvunja zaidi.

Kukanda kwa maji ya moto, Mwana Idjwi, mimi sina ugomvi nako. Kunalegeza msuli uliokaza, mtu analala. Kwa MvuviWaNguba kunaweza kuwa msaada wa jioni. Kuwe pamoja na mazoezi tu, kusiyachukulie nafasi.

MzeeWaSukari

Nyongeza fupi. Mwenye ugonjwa wa sukari amwambie daktari kabla ya sindano ya kortizoni. Mimi sukari yangu ilipanda siku kadhaa. Na sisi wa sukari bega letu huganda kwa urahisi tukilifunga muda mrefu. Langu liliganda, nikakaa zaidi ya mwaka sifiki kisogoni.

Mkivu_Norwe

Salamu kutoka mbali. Nilizaliwa Bukavu, sasa ninaishi karibu na Trondheim. Huku nimejifunza uvuvi wa nzi bandia: ndoano imevalishwa manyoya ifanane na mdudu, haina uzito wowote, kwa hiyo kinachorushwa ni kamba yenyewe, ambayo ni nene na nzito. Unairusha nyuma, inanyooka hewani, unairusha mbele. Mara mia kadhaa kwa siku. Hebu fikiria bega.

Nilianguka kwenye barafu bega likatoka. Nilichagua mazoezi, miezi minne. Iliyonirudisha mtoni, naamini, ni kubadilisha namna ya kurusha. Kabla ya kuumia nilikuwa ninainua kiwiko hadi usawa wa sikio. Mwalimu wangu aliniwekea glavu kwapani akasema ikidondoka umekosea. Kiwiko kikae ubavuni, kazi ifanywe na mkono wa mbele, fimbo ipinde na kurusha yenyewe. Nikaacha kurusha nyuma kabisa kwa miezi ya kwanza: kuna mrusho wa kubingirisha kamba juu ya maji mbele yako tu. Kisha nikahamia fimbo ndefu ya mikono miwili, ya mita nne, ambayo wavuvi wa samoni hapa wanaipenda, na mzigo ukagawanyika mabega mawili. Nilianza kwenye majani nyuma ya nyumba, bila ndoano, dakika kumi na tano tu.

Yaya (kaka yangu), wavu wa sambaza ninaujua, baba alivua. Kamba mnaivuta juu ya kichwa kwa sababu mnasimama wima. Ukiweka mguu mmoja mbele, ukashika kamba chini ya kifua na kurudi nyuma kwa uzito wa mwili, bega halifiki pale panapochoma. Kafi pia: geuza kiuno, mkono ufuate.

MvuviWaNguba

Asanteni sana wote. Mama, nimesoma habari ya bwana yako mara mbili, nikamsomea na mke wangu. Nimejipima: mkono hauanguki, unatetemeka tu. Sindano nimeiweka kando.

Yaya Kine, nianze na nini kesho asubuhi? Fedha ya kuja kwako kila siku sina.

Kine_Ibanda

Njoo mara moja kwa wiki mbili, mengine fanya nyumbani. Hapa Bukavu kituo cha Heri Kwetu pia kina watu wa kazi hii, kama ni karibu zaidi nawe.

Wiki mbili za kwanza: inama, mkono mzima ushike meza, mbovu uning'inie, uuzungushe kama mti unaoyumba, dakika mbili. Kisha simama kando ya ukuta, kiwiko kimekunjwa, sukuma ukuta kwa upande wa nje wa ngumi, hesabu hadi kumi, mara tano. Mkono hausogei, msuli unafanya kazi.

Wiki ya tatu tafuta mpira wa ndani wa baiskeli, ukate uwe ukanda mmoja, ufunge kwenye kitasa. Kunja kitenge ukibane kati ya kiwiko na ubavu (glavu ya ndugu yetu wa Norwe ni hiyohiyo). Vuta mpira ukifungua mkono kwenda nje, urudishe polepole kuliko ulivyouvuta. Kumi na mbili, pumzika, mara tatu. Halafu geuka uuelekee mlango, vuta kama unayepiga kafi, mabapa ya mgongo yakutane.

Kuanzia wiki ya nane bidoni (dumu) ya maji: lita tano kwanza, uiinue kwa kamba kutoka chini hadi kiunoni. Ya lita ishirini ukiipandisha bila maumivu, tutazungumza habari ya ziwa.

Maumivu wakati wa zoezi yakiwa madogo na asubuhi yameisha, endelea. Yakilala nawe hadi kesho yake, punguza.

Mwana_Idjwi

Nina neno la mvuvi kwa mvuvi. Usirudi usiku wa giza zima, mtavuta hadi alfajiri na utaona aibu kuacha. Rudi siku tatu nne baada ya mwezi mpevu. Wakati ule giza lipo saa chache tu za jioni, mwezi ukitoka sambaza wanaiacha taa yenu na kutawanyika, mnarudi nyumbani. Kila usiku mwezi unachelewa karibu dakika hamsini, kwa hiyo kazi inaongezeka kidogo kidogo yenyewe.

Kine_Ibanda

Ratiba hii nitaiandikia na wagonjwa wengine. Asante sana, ndugu.

MvuviWaNguba (wiki kumi na nne baadaye)

Ninawaletea habari. Wiki saba nilikaa nchi kavu. Mke wangu aliingia zamu ya likelemba mapema, na kapita wetu, mkuu wa timu, akanipa kazi ya kushona nyavu mchana kwa nusu ya mgao. Wiki ya nane nikaingia ziwani kuangalia taa na usukani tu, kamba sikugusa.

Bidoni ya lita ishirini ilinichukua hadi wiki ya kumi na moja. Wiki ya sita nilikuwa nimekata tamaa, bega likachoma upya kwa sababu nilibeba gunia la makaa. Kine alinirudisha kwenye ukuta wiki nzima.

Juzi, usiku wa nne baada ya mwezi mpevu, nilivuta kamba ya chini. Mguu mbele, mikono kiunoni. Wenzangu wakiimba, mimi ninavuta kwenye kiitikio tu, kwenye shairi ninapumua. Tulipandisha wavu mara mbili mwezi ukatoka. Asubuhi bega lilikuwa limechoka, haliumi. Nimelalia upande wa kuume kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Kamba ya juu ninamwachia mwenzangu hadi Kine aniruhusu.

MamaSambaza_Kadutu

Mungu asifiwe, baba! Sasa niambie, ule mpira wa baiskeli uliukata upana gani? Bwana yangu daktari amemkubalia kujaribu mazoezi, na nyumbani tuna wa zamani.

MvuviWaNguba

Vidole vitatu, mama. Nilianza na vinne, ulikuwa mgumu mno. Uoshe kwa sabuni kwanza, ule unga wa ndani unateleza mkononi. Na umwambie aanze na ukuta.